Pasaka ya Maji Mafu

Semeni alikuwa mtu wa kuuliza. Tangu yu mdogo pale Salale, kijiji cha kwenye mikoko ya delta, akiona kitu asichokijua lazima aulize, akijibiwa aulize tena, hadi marehemu mama yake akamwambia, "Wee mtoto, mdomo wako utachakaa kabla ya meno." Hakuacha. Kaolewa anauliza, kafiwa na mume anauliza, binti yake wa pekee Zamda kakua na kuolewa na Yassin, mvuvi wa kambamiti, mama mtu bado anauliza. Wenye mabinti wayasikilize yaliyompata, kwa sababu mama huyu aliuliza mambo chungu nzima akayajua, akaacha moja tu, lile alilodhani analijua tayari.

Kilichomchokoza zaidi kilikuwa kanisa. Lilikuwa kanisa dogo la udongo na mabati, ng'ambo ya uwanja kutoka nyumbani kwake, karibu na diko wanapofunga mitumbwi. Waumini wake walikuwa wachache: walimu, muuguzi wa zahanati, na familia zilizotoka kusini na bara kuja kulima mpunga, ambazo zilikaa huko huko mashambani kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti wanamolindia ndege na nguruwe. Watu wengine wote pale walikuwa Waislamu, Semeni akiwa mmoja wao. Yeye hakuwa na nia ya kubadili dini wala hakuna aliyemwomba abadili. Alitaka kujua tu.

Kwanza ilikuwa saa. Jumapili moja wanasali asubuhi, Jumapili inayofuata wanasali alasiri. Kabla ya kusali wanapandisha kitambaa cheupe kwenye mlingoti mrefu, na watu wa madunguni wakikiona wanaanza kuja. Semeni alivumilia wiki chache, kisha akamsimamisha Mwinjilisti Nandonde njiani, mtu mwembamba wa Kimakonde aliyezoea kutembea na viatu mkononi.

"Mwinjilisti, hebu nambie. Nyie Mungu wenu hana saa?"

Nandonde akacheka. "Anayo, Bi Semeni. Maji ndiyo hayana saa. Waumini wangu wanakuja kwa mitumbwi. Bamvua likija, yale maji makubwa, yanaingia vijitoni alasiri, basi tunasali alasiri. Maji yakiwa mafu, yanainuka kidogo tu asubuhi, wanafika wa karibu, wa mbali wanasali kwao. Nikipiga ibada kwa saa ya ukutani, nitahubiria mabenchi."

"Kumbe!" akasema Semeni, na siku hiyo alitembea nalo hilo kama aliyeokota kitu cha thamani. Maji makubwa na maji madogo yeye aliyajua tangu tumboni. Kwamba na sala inaweza kuyafuata, hilo lilikuwa jipya.

Hii ilikuwa karibu na Pasaka, na Pasaka ya mwaka ule iliangukia ndani ya Ramadhani. Wiki moja kabla yake Semeni alikuwa barazani akisuka mkeka, akaona kundi linalizunguka kanisa linaimba, kila mtu kashika kuti la ukindu analipunga juu. Ukindu mchanga, mzuri, ule wa kusukia. Akasimama na mkeka wake mkononi.

"Jamani, ukindu huo mnaupungia upepo? Nipeni mie nisuke!"

Waimbaji wakakatika kwa kicheko. Aliyemjibu alikuwa Mama Tumsifu, muuguzi wa zahanati, mwanamke mnene wa Kipare mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. "Tukimaliza nakuletea lako, shoga! Lakini la kwangu silitoi, naliweka juu ya mlango mwaka mzima."

"Hirizi?"

"Hirizi gani na wewe! Ni ukumbusho. Mwakani kabla ya Kwaresima tunayakusanya, tunayachoma, majivu yake tunapakana usoni."

Semeni akaona hawa watu wana mambo. Ukindu wa sherehe unakaa mlangoni mwaka mzima, kisha unakuwa majivu ya kujutia. Alimwuliza maswali hayo mpaka futari ikaiva.

Pasaka yenyewe maji yalikuja makubwa. Jumapili walisali alasiri, mitumbwi ikajaa dikoni mpaka mingine ikafungwa kwenye nguzo za baraza ya Semeni. Na Jumatatu ya Pasaka, alfajiri, wakati yeye ametoka kula daku na kuswali, aliiona boti ya kanisa ikiondoka. Ilikuwa boti ya mashine, waliyoipata kwa michango, na kila Jumatatu ya Pasaka iliwachukua waumini kwenda kusali pamoja na wenzao wa Kibiti. Kijito kilikuwa kimejaa mpaka daraja la kwanza la ngazi ya nyumba yake, iliyo juu ya nguzo. Boti ilipita hapo mlangoni, kwaya imo ndani na majoho meupe, na aliyeishika mashine alikuwa Saidy, jirani yake.

"Wee Saidy! Umekuwa nani leo?"

"Mie Muislamu wa kanisa, Mama Zamda!" akajibu Saidy akiwa amefunga. "Wao wanasali, mie naendesha. Thawabu tunagawana!"

Mwaka ukaenda. Kila kilichotokea pale kanisani Semeni alikipa jicho. Walipofika Pentekoste walivaa vitambaa vyekundu, na baada ya ibada wakaenda wote zahanati wakafyeka nyasi, wakasugua sakafu, wakajaza pipa la maji kwa ndoo kutoka kisimani. Semeni alibeba ndoo mbili, kisa kikiwa kuuliza kwa nini vyekundu. Wakati wa mavuno walileta kanisani masuke ya mpunga, maboga na kuku waliofungwa miguu, na sehemu ya vile vitu ikatoka nje ya kanisa siku ile ile, ikapelekwa kwa wazee wasiojiweza, Muislamu na Mkristo hawakutengwa. Kuku mmoja alifika kwa Bi Maimuna kipofu, akakata kamba akaingia uvunguni, na Mwinjilisti Nandonde akalala kifudifudi kumtoa huku Bi Maimuna akiuliza, "Huyo anayepumua hivyo ni kuku au padri?"

Zaidi ya yote kulikuwa na zamu ya boti. Kila wiki watu wawili wa kanisa walikuwa zamu. Mgonjwa akizidiwa, au mzazi akishikwa na uchungu, wao na Saidy wanampakia na kumvusha mpaka Nyamisati, apate gari la Kibiti. Hawakuuliza mtu anasali wapi. Semeni aliwahi kuwauliza wao, "Na mkimkuta aliyewatukana jana?" Mama Tumsifu akamwambia, "Huyo tunamkalisha mbele apigwe na mawimbi."

Krismasi ilipokuja waliezeka nyumba ya Bi Maimuna. Semeni alishona nao makuti siku mbili. Hapo ndipo alipolipata lile neno, na kila mama angepaswa kulitazama vizuri. Siku ya Krismasi maji yalikuwa madogo, watu wa mbali hawakufika. Semeni akamwambia Saidy, wakiwa juu ya fito wanafunga makuti:

"Sikukuu kubwa hivi, maji yamewanyima."

"Krismasi haijui mwezi," Saidy akasema. "Ina tarehe yake, inakuja na maji yoyote. Pasaka ndiyo inafuata mwezi mpevu, kama sisi na mwezi wetu."

"Ati nini?"

"Ndivyo alivyonambia Mwinjilisti. Wanangoja mwezi upevuke, ndiyo Pasaka. Nipe hilo kuti."

Semeni akampa kuti. Mwezi ukipevuka, bamvua. Hilo halina mjadala, mtoto wa Salale analijua. Basi Pasaka siku zote ina bamvua! Akakumbuka ile alfajiri, boti inapita mlangoni kwake, maji kwenye daraja la ngazi. Alifurahi kwa kuligundua mwenyewe. Na kwa kuwa alifurahi, hakuuliza tena. Mtu aliyekuwa akiuliza hata rangi ya kitambaa, hapa alinyamaza.

Wakati huo Zamda alikuwa amerudi kwa mama yake na mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi. Yassin alikuwa kwenye dago, kambi ya wavuvi, huko nje baharini. Zamda ni mfupi, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Mama Tumsifu alimpima zahanati, akampima tena mwezi uliofuata, kisha akamwita Semeni pembeni.

"Mama Zamda, huyu nyonga zake ndogo na mtoto anaonekana mkubwa. Asizalie hapa. Na asingoje uchungu ndiyo asafiri. Mpeleke Kibiti mapema, akae karibu na wanakoweza kumpasua ikibidi. Si mama mkwe wake yuko Kibiti?"

"Yuko," akasema Semeni, na uso wake ukakunjamana.

Mama mkwe, Bi Fatu, alikuwa na nyumba nzuri Kibiti mjini, karibu na kituo cha afya. Lakini siku ya harusi alisema mbele za watu kwamba mwanawe kaoa binti wa matopeni. Semeni hakulisahau. Kumpeleka Zamda akakae pale wiki kadhaa, katika Ramadhani, aonekane kaja kulishwa, apewe maneno kila futari! Hapana. Angempeleka dakika za mwisho, azae, arudi.

"Nitampeleka Pasaka," akamwambia Mama Tumsifu. "Boti yenu si inakwenda Jumatatu?"

"Inakwenda. Lakini hiyo ni karibu mno na siku zake, shoga. Kuna boti wiki hii, kuna ya wiki ijayo."

"Pasaka maji makubwa. Zamda atapandia hapa ngazini, hata tope halikanyagi. Mimba ile nimtembeze kwenye mikoko?"

Mama Tumsifu alikuwa na wagonjwa wamepanga foleni mpaka nje. Akatikisa kichwa. "Mpeleke mapema, Mama Zamda. Nakwambia tena."

Kwaresima ilianza wiki kadhaa kabla ya Ramadhani. Makuti ya mlangoni yakashushwa, yakachomwa, na watu wakapita njiani na majivu kwenye paji la uso. Semeni akauliza kuhusu kufunga kwao: mnakula nini, mnaacha nini, maji mnakunywa? Baadaye mwezi wa Ramadhani ukaandama, na kijiji kizima kikawa na njaa ya mchana, kila mmoja kwa namna yake. Ilikuwa Ramadhani ya utani. Saidy aliwaambia wanakwaya, "Nyie mnafunga huku mnakunywa chai, hiyo ni mapumziko." Nao wakamwambia, "Nyie mnafunga mchana mnalipiza jioni."

Semeni alihesabu mfungo kila siku kama mwanamke yeyote wa pale. Ramadhani kumi, kumi na nne, kumi na tano. Mwezi ukapevuka, bamvua likaja, maji yakapanda mpaka ngazini. Akatazama akaona ndiyo hayo, Pasaka inakaribia. Ikafika kumi na saba, kumi na nane. Maji yakaanza kupungua. Yeye alikuwa akisuka mkeka wa mtoto, wenye nakshi za zambarau, na kupanga kanga za Zamda ndani ya kikapu. Macho yake yaliyaona maji. Kichwa chake kilikuwa na neno la Saidy.

"Mama, maji mbona yanakufa?" Zamda alimwuliza Jumamosi, akiwa amekaa ngazini miguu inaning'inia. "Leo hayajafika kwenye nguzo."

"Yatarudi. Kesho Pasaka."

"Pasaka inarudisha maji?"

"Inafuata mwezi, mwanangu. Watu wa kanisa wenyewe wanajua."

Na ni kweli walijua. Walijua tangu Jumapili ya Matawi. Mwinjilisti Nandonde aliitazama kalenda yake, akawatangazia waumini wakiwa wamekaa kwenye mabenchi: mwaka huu Pasaka imekuja mwezi ukiwa umekwisha pevuka siku nyingi, maji yatakuwa yanakufa, boti haitaweza kuingia kijitoni. Saidy ataitoa mapema na kuiegesha mdomoni mwa kijito, kwenye mto mkubwa. Jumatatu kila mtu atembee kwa miguu kwenye mikoko mpaka huko. Tangazo lilitolewa vizuri na kila aliyekuwa ndani alilisikia. Semeni alikuwa nje, barazani kwake, ng'ambo ya uwanja, anasuka. Saidy alipoitoa boti usiku wa kuamkia Ijumaa, yeye alidhani inapeleka mgonjwa.

Jumapili walisali asubuhi, mitumbwi michache, naye akajiambia maji yatafika kesho. Jumatatu asubuhi na mapema Semeni alimvisha Zamda dera pana, akamkalisha kwenye daraja la juu, kikapu pembeni. Kijito kilikuwa mchirizi mwembamba katikati ya tope linalong'aa. Kaa wekundu walikuwa wakitembea mahali ambapo Pasaka iliyopita boti ilipita. Semeni alitazama huko mbele, akingoja kusikia mashine.

Walichosikia ni nyayo. Wanakwaya walikuwa wanapita nyuma ya nyumba, majoho meupe yamepandishwa na kufungwa kiunoni, viatu mkononi, wanashika njia ya mikoko.

Semeni akacheka kweli kweli. "Nyie! Mnakwenda wapi na matope hayo? Boti si inapita hapa!"

Wakasimama. Mwinjilisti Nandonde akamtazama, akamtazama Zamda pale juu na kikapu chake, na kicheko hakikumtoka.

"Bi Semeni, boti iko mdomoni tangu Ijumaa. Hapa haiji. Maji mafu."

"Lakini leo Pasaka."

"Ndiyo, Pasaka. Na maji mafu."

Semeni alifungua mdomo aulize, na kwa mara ya kwanza maishani mwake swali halikuja. Alichofanya ni kuhesabu. Ramadhani ishirini na moja. Bibi yake, mama yake, yeye mwenyewe, nani asiyejua mwezi ishirini na moja maji yanakuwaje? Alikuwa akiihesabu hiyo siku kwa mdomo wake, kila jioni, akifungua kwa tende.

"Mama," Zamda akasema taratibu, ameshika nguzo. "Tangu alfajiri tumbo linakaza. Sikutaka kukusumbua."

Mama Tumsifu, aliyekuwa miongoni mwao, alikuwa amekwisha panda ngazi mbili mbili. Akaweka mkono tumboni, akangoja, akatazama usoni mwa Zamda, kisha akageuka kuwatazama wenzake chini.

"Hawezi kutembea," akasema. "Njia ile mwendo wa saa nzima kwa mtu mzima. Na hawezi kuzalia hapa. Mnasikia? Hapa hawezi."

Wakatazamana. Mwalimu mmoja akasema wamchukue kwa machela; mwingine akasema kwenye mizizi ya mikoko watu wanne hawapiti sambamba. Ndipo ikatokea sauti ya Mwinjilisti.

"Mtumbwi mwepesi uko wapi? Ule wa marehemu mzee."

Ulikuwa uvunguni mwa nyumba ya Semeni, umekauka. Mume wake ndiye aliyeuchonga. Wakautoa, wakautandika ule mkeka mpya wenye zambarau, wakamlaza Zamda ubavu, Mama Tumsifu akaingia nyuma yake. Kisha watu wa kwaya wakaufunga kamba mbele na kuushusha kijitoni, juu ya tope lenyewe. Tope la maji mafu linateleza kama mlenda. Mtumbwi ukiwa na maji chini unakwenda kwa kafi, ukiwa na tope unakwenda kwa watu.

Wakaanza kuvuta. Mwanzoni mwalimu wa kwaya akaanzisha wimbo wa Pasaka, wa taratibu, wenye kupanda na kushuka, na kila mtu akawa anavuta kwa wakati wake, mtumbwi unakwenda kama mlevi. Mama Tumsifu akapiga kelele kutoka nyuma, "Acheni wimbo huo! Mnambembeleza nani?" Pale ndipo Semeni, aliyekuwa ameshika ubavu wa mtumbwi, tope limemfika mapajani, alipoanza mwito wa wavuvi wanapokokota nyavu: "Eeeh, twende!" Na wao, "Twende!" "Eeeh, vuta!" "Vuta!" Mtumbwi ukanyooka. Kwaya yote ya majoho meupe iliuitikia mwito wa wavuvi mpaka mdomoni, na walipofika hakukuwa tena na joho jeupe hata moja.

Saidy aliwaona kwa mbali, akaja mbio na pondo la boti mkononi. Alipomwona Zamda akamgeukia Semeni.

"Mama Zamda, kwa nini hukuniuliza? Mie niko nyumba ya pili!"

"Wewe si ulisema Pasaka inafuata mwezi mpevu?"

"Inafuata, ndiyo. Sikusema inakuja siku ile ile!"

Hakukuwa na nafasi ya kubishana. Wakampakia. Njiani Zamda aliuma kanga ya mama yake mpaka akaitoboa. Nyamisati gari lilikuwepo, na Kibiti walifika jua limekwisha panda juu. Walimpokea, wakampima, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Ibada ya pamoja ya Jumatatu ya Pasaka wanakwaya wale hawakuiwahi. Walikaa nje ya kituo cha afya chini ya ukuta, tope linakauka miguuni na kupasuka, na wapita njia wakiwauliza kama wametoka kuchimba mfereji.

Bi Fatu alipata habari, akaja na chupa ya uji na shuka safi. Semeni alimwona akija akasimama, tayari kwa maneno ya matopeni, maana safari hii tope alikuwa nalo kweli, mpaka kwenye nywele. Bi Fatu akaketi kando yake.

"Nimetandika kitanda tangu mwanzo wa mfungo," akasema. "Kila jioni nilikuwa namwekea mkwe wangu futari. Nikajua hamji. Mie simli mtu, Mama Zamda."

Semeni akaitazama ile chupa. Angeweza kusema habari ya siku ya harusi. Akasema, "Najua. Sasa najua."

Mtoto alitoka wa kike, mkubwa, naye hakulia upesi. Kule mlangoni walimsikia baada ya kimya kirefu, sauti ndogo kama paka aliyefungiwa kabatini. Zamda alipona. Mtoto naye alipona, ila daktari aliwaonyesha mkono wa kushoto: mishipa ya begani imevutwa, kwa kuwa alikaa kwenye njia ya uzazi muda mrefu akilazimisha kutoka. Utapata nguvu pole pole, akasema, au nusu nusu. Mkandeni kila siku. Walimwita Muzdalifa.

Walipokaa arobaini kwa Bi Fatu na kurudi Salale, Semeni alivuka ule uwanja mwenyewe, akaingia kanisani kwa mara ya kwanza, si wakati wa ibada. Mwinjilisti Nandonde alikuwa akigongomea mguu wa benchi.

"Nifundishe Pasaka inavyohesabiwa," akasema. "Yote. Usinifiche."

Nandonde akaweka nyundo chini. "Kuanzia Machi ishirini na moja tunangoja mwezi upevuke. Kisha Jumapili inayofuata ndiyo Pasaka. Ukipevuka Jumamosi, Pasaka kesho yake."

"Ukipevuka Jumapili yenyewe?"

"Tunangoja Jumapili nyingine."

Semeni akachukua nyuzi za ukindu mfukoni mwake, akazipanga kwenye benchi moja moja, mpevu mpaka Jumapili. Akazitazama. "Wiki nzima! Maji yote yameshakufa hapo."

"Ndiyo. Mwaka mwingine yanakuwa makubwa, mwaka mwingine mafu. Ndiyo maana natangaza."

"Ndani."

"Ndani," Nandonde akakubali, akakuna shingo. Tangu siku hiyo, Jumapili ya maji mafu, kanisa linapandisha vitambaa viwili mlingotini badala ya kimoja, ili na walio nje wajue boti haiingii. Semeni ndiye aliyeshona cha pili.

Lakini kitambaa si cha kutegemea peke yake, na ndiyo maana haya yanaandikwa. Juzi hapa, jirani yake Mwanaharusi alikuja kuomba moto wa jiko. Mkwe wake ana mimba pevu, na Mama Tumsifu amekwisha mwambia ampeleke Kibiti.

"Nitampeleka Idi," Mwanaharusi akasema. "Idi haina kudanganya kama Pasaka yao. Mwezi ukiandama tu, bamvua. Maji yatafika mlangoni."

"Kweli kabisa," Semeni akasema. "Idi ina bamvua. Na mtoto ameambiwa?"

"Ameambiwa nini?"

"Kwamba angoje Idi."

Mwanaharusi akakiweka chini kijinga cha moto. Semeni akainuka. Hakumpa nafasi ya kufikiri. Akachukua kikapu chake mwenyewe, kile kile, akatia kanga mbili na nyingine ya kubebea, akamwambia Zamda, "Nishikie mtoto, naenda kumwambia Saidy asiwashe mashine mpaka mkwe wa Mwanaharusi apande."

Lakini kabla ya kumkabidhi mtoto, alifanya kama anavyofanya kila asubuhi. Alichukua uzi wa ukindu mbichi, akauweka kwenye kiganja cha kushoto cha Muzdalifa, akangoja. Alitazama kwa makini, kama alivyokuwa akiutazama mlingoti zamani. Kidole cha shahada kikajikunja, na cha kati. Vingine vikabaki wazi.

"Viwili," akasema. "Jana kilikuwa kimoja."

Akateremka ngazi. Maji yalikuwa yamefika kwenye nguzo ya pili, yanapanda.